Pori Alilolichagua Mzee Jaswant

Edmonton, London
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mke wangu Mama Zuhura,

Assalaam alaikum. Naanza kwa kukuulizia wewe kabla ya yeyote: kifua kimeachia? Wiki iliyopita sauti yako ilikuwa imekauka, ukaniambia ni vumbi la chaki tu, nami nikanyamaza kwa sababu mtu aliye mbali hana la kubisha. Zuhura meno ya mbele yameota? Na mama yangu, macho yake ameshapelekwa Singida au bado anasema ataona yanavyokwenda? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Kula nakula, kulala nalala, ila magoti yanalalamika kwa sababu ya ngazi za nyumba za watu.

Najua umeishika karatasi hii ukacheka. Siku hizi nani anaandika barua? Bi Shufaa, yule mama wa Kipemba ninayepanga chumba kwake, anasafiri kwenda Dar wiki hii. Yeye ana pasi ya huku, anatoka na kuingia apendavyo. Atamkabidhi shemeji Idi pale stendi ya Mbezi, naye ataipandisha basi la Itigi. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mimi ni mwongo, Mama Zuhura. Nikisikia pumzi zako tu ulimi unaanza kutafuta la kukufurahisha. Karatasi hainijibu, kwa hiyo naweza kuimaliza sentensi.

Swali lako nimelibeba kifuani siku kumi sasa. Umesema Afisa Elimu anakutaka ukawe mwalimu mkuu wa shule mpya kule Rungwa, nyumba ya mwalimu ipo, na barua ya kukubali inatakiwa isainiwe kabla ya mwisho wa mwezi. Ukasema, "Baba Zuhura, unakuja Julai au huji? Kama unakuja nabaki nikungoje hapa. Kama huji nijue." Nami nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima kabisa.

Nitakujibu humu humu. Ila nivumilie kwanza nikueleze habari ya Mzee Jaswant na kulungu wake, maana bila yeye nisingekuwa na ujasiri wa kukujibu.

Mzee Jaswant ni yule Singasinga wa Stanmore ninayemhudumia asubuhi na jioni: kumwogesha, kumvalisha, dawa, uji. Ni mabasi mawili na treni kutoka hapa. Ana miaka themanini na ushee na anaishi peke yake kwenye nyumba kubwa yenye vyumba asivyoviingia. Zamani alikuwa na kiwanda cha mbao Tabora, na kila kiangazi alikuwa akikata leseni na kuingia porini kuwinda wiki mbili. Siku ya kwanza aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Niliposema Itigi, aliacha Kiingereza hapo hapo, na hajakirudia mbele yangu.

"Itigi! Mimi napiga pofu kule, veve bado zaliwa. Na veve nafanya kazi gani kule?"

Nikamwambia nilikuwa karani idara ya maliasili, nikiandika leseni za uwindaji za wenyeji. Mama Zuhura, ungemwona! Alinishika mkono na sabuni zake.

"Veve ndiyo karani yangu," akasema. "Mungu naleta karani mpaka bafuni."

Kumbe alikuwa na kazi inayomsubiri karani. Mwanawe mmoja, Manjit, yuko Marekani, jimbo la Texas. Huyo Manjit alimwahidi baba yake kumpeleka kuwinda kulungu kabla hajafa: wao wenyewe na hema lao, bila kampuni ya kuwindisha watalii, kwenye ardhi ya umma anapoingia yeyote mwenye leseni. Lakini Texas karibu ardhi yote ina wenyewe. Asiye na shamba wala jamaa mwenye shamba huvuka kwenda jimbo jingine. Kwa hiyo Manjit alimwambia, "Papa, wewe ndiye mwindaji. Chagua jimbo, mengine niachie mimi." Na mimi ningekwenda naye kama mwangalizi wake, tikiti juu ya Manjit. Hilo mzee alilipitisha bila kuniuliza.

Basi tukaanza kuchagua. Asubuhi nikimaliza kumvalisha, ramani inatandikwa juu ya meza ya kulia chakula, yeye na lenzi yake, mimi na simu yangu nikisoma sheria za kila jimbo. Ungetusikia ungesema tuko pale kaunta ya ofisi yetu Manyoni. Swali lake la kwanza kwa kila jimbo lilikuwa, "Maji iko wapi mwezi wa tisa?" La pili, "Mbung'o iko?" Wiki nzima tulikuwa tukifuta majimbo yenye mito mingi, kwa hesabu zetu za pori la Rungwa: penye maji kila mahali mnyama hana sababu ya kukusanyika, utamtafuta mpaka uchoke. Siku niliposoma kwamba huko wanawinda mwezi wa kumi na moja, baridi kali, na kulungu dume anaonekana kwa sababu anafukuzana na majike wala si kwa sababu ya kiu, tulitazamana. Mzee akavua miwani.

"Karani," akasema, "sisi wajinga wawili. Anza upya."

Tukaanza upya. Hayo yalikuwa mambo ya kucheka, lakini kulikuwa na sharti lake moja ambalo hakutaka kulegeza: lazima jimbo liwe linaruhusu kulungu wawili. Nikamuuliza wa nini wawili, mzee mwenyewe unakula vijiko vitatu unashiba. Akanitazama kama nimemtukana. Unajua Masingasinga wenye kushika dini hawali nyama ya kuchinjwa kwetu, wanataka mnyama afe kwa pigo moja. Kule Tabora alikuwa kila safari anaandikisha wanyama wawili, mmoja wake na mmoja wa kina Juma wake wa kiwandani, ili kila mtu ale bila wasiwasi.

"Moja mimi napiga, naanguka, imekufa. Hiyo yangu. Ya pili mimi napiga kidogo, veve nakimbia na kisu, nasema Bismillahi yako, nachinja. Hiyo yako. Veve hawezi kaa porini na mimi, mimi nakula nyama, veve nakula biskuti. Hiyo iko aibu."

Nilijiona nikikimbiza kulungu kwenye theluji na magoti haya, nikacheka mpaka nikakaa chini. Lakini nikwambie ukweli, jioni ile kwenye basi nililia. Miaka yote hii hapa hakuna mtu aliyewahi kufikiria nitakula nini.

Usidhani huku hakuna kulungu. Kuna kipori kidogo karibu na kwake, nikampeleka siku moja na kiti cha magurudumu. Wako nyuma ya uzio, madoadoa mgongoni, watoto wanawapa karoti. Mmoja alikuja mpaka kwenye waya akamlamba vidole. Mzee akauvuta mkono. "Hii mbuzi," akasema. "Rudisha mimi nyumbani."

Mwaka juzi na mwaka jana, kabla yangu, walikuwa wameomba Iowa. Huko mgeni wa jimbo hapati leseni mpaka jina lake litoke kwenye bahati nasibu, na wengine wanangoja miaka. Manjit alimwambia baba yake jina halikutoka. Mara ya pili akasema tena halikutoka. Mwaka huu mzee alikuwa ameelekea Kansas, anapenda zile nyasi zake, na huko mgeni anaruhusiwa dume na jike kwa leseni moja. Lakini nako bahati nasibu. Mimi sikutaka mzee akose mara ya tatu. Nikachimba kama nilivyokuwa nikichimba mafaili ya Manyoni, nikapata Missouri: mgeni ananunua tu leseni, hakuna kuchezeshwa, unaweza kupata wa pili kwa kibali cha ziada, na misitu ya umma ipo. Nikaona hata kwamba msimu wa bunduki mwindaji lazima avae kofia na fulana ya rangi ya machungwa. Mzee aliposikia hivyo akaniagiza kabatini, akatoa kilemba cha rangi ile ile, cha siku ya harusi ya Manjit.

"Kofia tayari," akasema.

Nikampigia Manjit siku ya Alhamisi, nikiwa kituo cha basi. Nilikuwa nimejaa furaha, nikamwambia nimeshamaliza matatizo yote, Missouri haina bahati nasibu, lete tarehe tu. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kule, "Nani alikutuma utafute jimbo lisilo na bahati nasibu?"

Nikamwambia hakuna, nimeona tu itasaidia. Akasema daktari wa moyo alimkataza baba yake kupanda ndege tangu mwaka juzi. Akasema hakuna safari, haikuwahi kuwepo tangu hapo. Kuchagua ndiko kunakomwamsha kitandani, kwa hiyo aachwe achague, kisha aambiwe jina halikutoka, achague tena. "Ni kwa upendo, rafiki yangu," akasema. "Mwambie Missouri wamebadilisha sheria, siku hizi nao wanachezesha."

Nilikata simu nikiwa na hasira nyingi. Nilimwita majina ambayo sitayaandika, maana Zuhura siku hizi anajua kusoma. Mtu mzima kumfanyia baba yake mchezo wa namna ile, kumfungia ndani ya ramani! Nilitembea vituo vitatu kwa miguu badala ya kungoja basi. Kwenye kituo cha nne ukanijia wewe.

Sasa sikiliza, Mama Zuhura, na usinisamehe haraka. Mwaka juzi ulipopata nafasi ya kwenda kusoma stashahada Tabora, ukaikataa, ni kwa sababu nilikwambia nakuja baada ya sikukuu ya Idi. Sikuwa na likizo. Meneja wa kampuni iliyoniajiri alikuwa ameshaniambia kwamba nikiondoka wiki sita nisitegemee kukuta saa zangu za kazi, na huku kazi ikiisha viza nayo imeisha. Mwaka jana walipotaka kukuhamishia Singida mjini, ukakataa, nilikwambia tikiti imepatikana. Haikuwepo. Na hii Julai ninayoisema tangu mwezi wa mfungo, haipo. Viza yangu ya kwanza ilimalizika, kampuni ikaniombea nyongeza, na majibu hayajatoka. Wakati nangoja naruhusiwa kufanya kazi, lakini nikivuka mpaka tu, ombi linakufa; hata Missouri nisingeweza kwenda, na hilo mzee sikumwambia. Na ule mlango wa kuleta walezi kutoka nje wameufunga. Aliye ndani abaki ndani, akitoka hana pa kurudia. Wewe na Zuhura nanyi hamruhusiwi kunifuata, hilo nililijua muda mrefu kabla sijakwambia "tutaangalia." Nimefungiwa, mke wangu. Nafungua macho asubuhi kwenye chumba hiki, naona kabati, naona dirisha, naona ukuta wa jirani, na najiambia kesho. Wala hakuna aliyenifunga kamba. Nilikuja mwenyewe, kwa miguu yangu, na sherehe mlinifanyia.

Siku nne nilimtazama mzee nikashindwa kusema lolote. Jumatatu akanianza yeye. Alikuwa ameketi mezani, kilemba cha machungwa kichwani saa mbili asubuhi, ramani ya Missouri mbele yake.

"Karani. Manjit nasema nini? Leseni nanunua?"

Uwongo ulikuwa tayari mdomoni, nilipewa ukiwa umeshapikwa. Nikaona siwezi. Nikakaa, nikamwambia mzee, hakuna safari. Daktari alikataa ndege. Mwanao anajua.

Hakupiga kelele. Akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mzee."

Akahesabu kwa midomo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka juzi huo huo alikuwa na rafiki yake Pritam, wa duka la vipuri kule Kenton, walikuwa wakiwinda pamoja tangu Tabora. Pritam alimjia akamwambia twende Skotilandi, kwangu kuna gari, kijana wangu anaendesha, tukapige kulungu mmoja tu wa mwisho.

"Kwa gari, karani. Hapana ndege. Gari." Akagonga meza kwa kidole. "Mimi nakataa. Mimi nasema, Pritam, mimi naweka nguvu yangu ya Amerika. Mwaka jana Pritam nakufa. Sasa mimi nakwenda na nani?"

Nilitaka kumshika bega, akausogeza mkono wangu taratibu.

"Na veve najua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Leo Jumatatu." Akaanza kuikunja ramani. Mikunjo ikakataa kulingana, nami sikuthubutu kumsaidia. "Siku nne veve nalisha mimi uji, na najua. Siku nne, karani. Nenda. Leo mimi navaa mwenyewe."

Nikaenda. Manjit alilalamika kwa kampuni kwamba nimemvunja moyo baba yake, meneja akanipa onyo la maandishi, na sasa wamenipangia bibi mmoja wa huku huku karibu, mpole, hasemi. Stanmore sijarudi tena. Nasikia mzee anakataa kuamka. Yawezekana Manjit alikuwa sahihi na mimi nimemuua kabla ya siku zake, sijui. Kila asubuhi naliwaza hilo nikiwa na taulo mkononi.

Lakini kile alichonifundisha hakinitoki. Missouri haikumuuma kama ilivyomuuma Skotilandi, safari iliyokuwepo kweli, na gari lake na rafiki yake, akaipisha kwa ajili ya isiyokuwepo. Yeye alinikasirikia kwa siku nne. Wewe nimekufanyia miaka miwili na zaidi, na kila mara uliikunja barua ya serikali ukairudisha, ukaenda kupaka chumba chokaa. Tabora ilikuwepo. Singida ilikuwepo. Mimi ndiye sikuwepo.

Jibu lako ni hili: siji Julai. Wala sijui mwezi wa kukutajia. Majibu yakitoka kesho nitapanda ndege kesho kutwa, lakini hilo halina tarehe, na usiniwekee maisha yako juu yake tena. Nenda Rungwa. Funga nyumba, mbuzi mpe kaka, mchukue Zuhura na mama akikubali. Ukawe mwalimu mkuu, uwasumbue watoto wa watu kuhusu usafi wa kucha kama unavyonisumbua mimi. Kama siku moja nitakuja nitauliza njia, Rungwa naijua, nimeiandika kwenye leseni za watu mara nyingi kuliko jina langu. Na kama utakapofika huko utaona kwamba umechoka kuwa mke wa mtu wa simu, niambie wazi. Nitaumia sana. Nakupenda, na nimekutamani mpaka nimesahau kuona haya kuliandika hili kwenye karatasi itakayopita mikono ya shemeji.

Nisalimie mama yangu, umwambie macho yasingoje, aende hospitali wiki hii. Msalimie kaka Hamisi na baiskeli zake anazozitengeneza zikarudi siku ya pili. Mwalimu Devota wa darasa la kwanza, rafiki yako, mwambie asante kwa kukaa na wewe ulipoumwa kifua wakati mwenye zamu hakuwepo. Mzee Saidi wa mashine ya kusaga, jirani yetu, na familia yake. Zuhura mbusu, mwambie baba amesoma barua yake na ameona herufi zake zimenyooka.

Bi Shufaa anafunga sanduku, anasema niache kuandika kitabu. Weka saini leo hii, barua hii ikiwa bado mkononi, kabla sijakupigia simu. Maana nitapiga, Mama Zuhura. Nitasikia sauti yako, na nitakuambia Septemba.

Mumeo,
Ramadhani